Azimio la Arusha bado linatugombanisha
Jana kijiweni tulibishana kuhusu Ujamaa. Nikataja foleni za sukari, na watu kuhamishwa kwa nguvu kupelekwa vijijini miaka ya 70. Mzee mmoja hakukana, hayo ameyaishi. Akaniuliza: na yale masharti ya Azimio la 1967, kwamba kiongozi asiwe na hisa kwenye kampuni, asipokee mishahara miwili wala asiwe na nyumba za kupangisha, nayo yalifeli, au yaliachwa tu? Yalilegezwa mwaka 1991 kwenye kikao cha CCM kilichofanyika Zanzibar, chama kilichorithi TANU iliyoyaweka.

Vijiji vya kulazimishana siwezi kuvitetea. Lakini masharti yale ningeyapigia kura hata kesho. Mnaosema yamepitwa na wakati, nyumba za kupangisha mnazo ngapi? 😅