Mashine ile ile, vifaranga 11 kisha 41

Mara ya kwanza niliweka mayai 56 kwenye mashine ya kutotolea, nikapata vifaranga 11, na mmoja kati yao hakufika jioni. Mara ya pili niliweka 56 tena, mashine ile ile, chumba kile kile hapa Nyasaka, Mwanza, wakatoka 41. Wanaokuja kuniuliza wanataka kujua nilinunua mashine gani mpya. Sikununua.

Mashine yenyewe ni sanduku la mbao alilonichongea fundi mmoja wa hapa mjini: balbu mbili, feni ndogo ya kuzungusha hewa, kidhibiti joto chenye namba nyekundu na kioo cha kuchungulia mlangoni. Kugeuza mayai ni kwa mkono. Niliiweka kwenye chumba changu cha kushonea, maana nashinda humo na cherehani, nikijua nitaiangalia vizuri. Niliiangalia kupita kiasi. Kila nikimaliza kola, nafungua mlango kidogo. Nikimaliza mkono wa gauni, nafungua tena.

Mama mkwe wangu yuko Sengerema. Nilipompigia kumpa habari alicheka mpaka akakohoa. "Kuku wa umeme, mwanangu? Na ukikatika, atayaatamia nani?"

Kosa la kwanza lilikuwa mayai yenyewe. Nilinunua trei mbili sokoni, muuzaji akiapa kwamba ni ya kienyeji. Manne yalikuwa na nyufa, 56 yakaingia. Usiku wa siku ya 7 nikazima taa, nikachukua tochi ya simu na kile kibomba cha karatasi kinachobaki tishu ya chooni ikiisha, nikaanza kuyapima moja moja. La kwanza liling'aa tupu kama balbu. La pili vilevile. La tatu ndilo lililonikalisha chini: doa jeusi dogo linacheza, na mishipa myekundu imeliendea kutoka kila upande, kama mito inavyoingia ziwani kwenye ramani. Nilimwita mume wangu aje aone. Alitazama, akasema "loo", akarudi kwenye mpira wake.

Matupu yalikuwa 19. Kuku wa mayai ya biashara hufugwa bila jogoo, na yai lake hata ulikalishe mashineni mwezi mzima halitoi kitu. Mengine sita yalikuwa na pete ya damu, maana yake mbegu ilianza ikafa. Yakabaki 31.

Siku ya 21 kimya. Siku ya 22 kimya mpaka magharibi, ndipo nikasikia "pii" moja. Siku ya 23 wakawa 10, wamelegea. Yai moja lilikuwa limetobolewa tangu asubuhi na halisogei, nikashindwa kuvumilia. Nikalibandua ganda kwa ukucha, kipande baada ya kipande. Chini ya utando mishipa bado ilikuwa imejaa damu, ikaanza kuvuja vidoleni mwangu. Huyo ndiye wa 11, na ndiye aliyekufa. Sikujua kwamba kifaranga akishatoboa ganda anaweza kupumzika saa 12 hata 24, akivuta damu na kiini kilichobaki kiingie tumboni kabla ya kutoka. Nilimtoa kabla hajamaliza.

Yaliyobaki niliyapasua nyuma ya nyumba. Mengi yalikuwa na vifaranga kamili, wenye manyoya, waliokufa humo humo. Sitaki kulieleza sana hilo.

Jirani yangu nesi ndiye aliyeniamsha. Aliniazima kipimajoto cha homa, kile cha kuweka kwapani, tukakilaza juu ya mayai viza na kufunga mlango. Namba nyekundu za mashine zilisema 37.7. Cha homa kikasema 36.6. Tukarudia mara tatu, ni yale yale. Kwa mashine yenye feni joto linatakiwa liwe kama 37.5 hadi 37.8; likipungua digrii moja tu siku zote, vifaranga wanachelewa na wengi wanashindwa kutoka. Likizidi, wanatoka mapema na vitovu havijafunga. Na kila nilipofungua mlango nilikuwa nikilishusha zaidi. Fundi nilimweleza, akasema vifaa ndivyo vilivyo. Basi, nikapandisha mwenyewe.

Kipima unyevu nacho nilikishuku. Niliweka chumvi iliyoloana kidogo kwenye kopo, nikakiingiza, nikafunga kwa saa nane. Kikiwa kizima kinasoma asilimia 75. Changu kilisoma 71, hivyo tangu siku hiyo naongeza nne kichwani.

Novemba nikajaribu tena. Mayai nilitoa kwa mama mmoja wa Buswelu, anaweka jogoo mmoja kwa kila matetea tisa, na aliniwekea ya siku sita tu. Yakikaa zaidi ya siku 7 hadi 10 nguvu ya kutotoa inapungua. Sikuyaosha, maana maji yanaondoa kinga ya ganda. Niliyalaza usiku mmoja ncha nyembamba ikiangalia chini, yapumzike na mtikisiko wa bodaboda. Upande mmoja nikachora X kwa penseli, upande wa pili duara, nikawa nageuza mara tano kwa siku. Iwe namba isiyogawanyika kwa mbili, ili kila usiku yalalie upande tofauti na jana. Tetea hugeuza kwa mdomo bila kufundishwa. Asipogeuza, kitoto kinagandia kwenye utando.

Unyevu niliuacha asilimia 50 hivi. Mvua za vuli zilikuwa zimeanza, sahani moja ya maji ilitosha. Mara ya kwanza, Julai, kwenye ule upepo mkavu ilibidi ziwe mbili. Siku ya 7 nikatoa saba matupu, siku ya 14 mawili. Yakabaki 47.

Siku ya 16, saa moja usiku, umeme ukakatika mtaa mzima. Nikakumbuka kicheko cha Sengerema. Jirani mwingine akaja mbio na wazo la kuingiza jiko la mkaa chumbani. Nilimkatalia. Moshi wa mkaa usioonekana unaua watu, sembuse vifaranga. Nilifunika sanduku kwa blanketi mbili, nikaacha matundu ya hewa wazi, nikapanga chupa za maji moto pembeni na kuzibadilisha kila zikipoa. Mlango sikuugusa. Vifaranga wa umri huo wanatoa joto lao wenyewe, na usipofungua linabaki humo. Umeme ulirudi saa sita kasoro. Nililala na gauni langu la mchana.

Siku ya 18 niliacha kugeuza, nikaongeza maji mpaka unyevu ukafika asilimia 68, kisha nikahamishia cherehani sebuleni na ufunguo wa chumba nikampa mume wangu. Najijua.

Siku ya 20 usiku tulisikia mlio ndani ya mayai. Nikampigia mama mkwe, nikaweka simu mlangoni. Safari hii hakucheka. "Usiwasaidie," akasema. "Kuku mwenyewe siku hizo haondoki, na hasaidii mtu." Mpaka asubuhi ya siku ya 22 walikuwa 41, wamekauka, wanakanyagana. Wa kwanza walikaa zaidi ya saa 24 bila kula, na hawakudhurika, kwa sababu kile kiini bado kinawalisha.

Bruda, yaani mahali pa kuwalelea kwa joto, ni boksi, maranda na balbu. Wakijikusanya chini yake wana baridi, wakikimbilia pembeni wana joto. Siku ya 7 nikawapa chanjo ya kideri, ya 14 ya gumboro, magonjwa mawili ya kuku. Nilipoteza watatu.

Wiki iliyopita mama mkwe alikuja. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 hasubiri tena kivuko. Alishuka na kapu mapajani, mayai 22 kwenye pumba za mpunga, kila moja ameliandika kwa mkaa siku lilipotagwa. Akachungulia kwenye kioo muda mrefu. Kisha akanihesabia ya kwake, akatenga moja la Jumanne lililopasuka njiani, tukalikaanga.