Hadithi za mapenzi za chuo mbona hazina bumu?

Mi nasoma sana hadithi za mapenzi na sifichi, tangu zile za kurasa za ndani za magazeti ya udaku mpaka hizi za kwenye simu ambazo unalipia kwa M-Pesa halafu unatumiwa WhatsApp sehemu baada ya sehemu, na saivi nyingi ninazokutana nazo zimewekwa chuo. Binti katoka mkoani kapangiwa chuo Dar, siku ya kwanza tu kagongana na mkaka mrefu mtanashati kwenye korido, vitabu vikamwagika, macho yakakutana, mkaka kumbe ni mtoto wa mwenye makampuni, ana Range Rover na apatimenti Masaki, na kuna dada mwingine wa kishua anayemtaka huyo mkaka tangu fomu foo. Mnaijua hiyo. Nimezisoma za hivyo nyingi na zingine zimeniliza kabisa usiku wa manane. Ila nimesoma Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, miaka mitatu na hosteli ya Mabibo nimelala, na kila nikifika sehemu ya kumi hivi kuna kitu kinaanza kuniuma: hamna hela humo. Hela ya kina kaka wenye magari ipo, lakini hela ya mwanafunzi, ile ya bodi, haitajwi hata mara moja, na mtu yeyote aliyepita chuo cha bongo anajua ukishaitoa hiyo hela kwenye stori umeyatoa na mapenzi yenyewe.

Kwa ambao hamjapita huko, bumu ni ile hela ya chakula na malazi inayotolewa na Bodi ya Mikopo, bodi ambayo sheria yake ilipitishwa 2004 na kazi ikaanza 2005. Kwa miaka mingi ilikuwa 8,500 kwa siku, mwaka wa masomo 2022/23 ndo ikapanda kuwa 10,000. Sasa haiji kila siku, inakuja kwa mafungu, fungu la siku sitini, kwahiyo enzi za 8,500 mtu anasaini anapata 510,000 kwa mkupuo mmoja na ana miaka kumi na tisa na hajawahi kushika hata laki moja ya kwake mwenyewe. Na sio wote, kuna aliyepewa yote, kuna aliyepewa asilimia kadhaa ya ada tu basi, kuna aliyekosa kabisa na anategemea mjomba ambaye simu hapokei. Hao wote wako darasa moja, wanakaa siti moja, wanapendana.

Mnaona hiyo peke yake ilivyo riwaya? Wiki bumu likiingia chuo kizima kinabadilika sura, watu wamesuka, simu mpya, maduka ya Mlimani City yamejaa, chips kuku kila jioni, na wanaopendana wanaonekana hadharani maana sasa kaka anaweza kumtoa mtu. Baada ya wiki chache ndo unaanza msoto. Watu wanapiga pasi ndefu, yaani unakula saa tano asubuhi chai na chapati mbili ili hiyo iwe ndo chai na ndo mchana, ukijaliwa usiku unapata wali maharage. Na hapo kwenye msoto ndo unajua nani anakupenda. Nimeona wasichana wakipika wali kwa jiko la umeme la kuficha chini ya kitanda, huku mmoja kasimama mlangoni asije mlezi wa hosteli akalibeba, halafu mmoja wao anatenga kwenye hotipoti kidogo anashuka nalo ngazi akiwa kalifunga na kanga, analipeleka kwa mtu anayemsubiri nje na hajala tangu jana. Yule kaka hana Range Rover. Hana hata nauli. Na yule dada alikuwa wa kwanza kimasomo kwenye kozi yao, angeweza kupata yeyote. Kwanini hii haiandikwi, mi sielewi, maana ina kila kitu ambacho msomaji anakitaka, ina siri, ina hatari ya kukamatwa, ina mtu anajinyima kwa ajili ya mtu.

Halafu vyumba. Kwenye hadithi binti ana chumba chake, mkaka anabisha hodi usiku, mvua inanyesha, wanaangaliana. Chumba kipi hicho jamani. Chumba cha watu wanne mnalala saba kwa sababu ya kubebana, aliyepata kitanda anambeba asiyepata, mnalala mzungu wa nne na rafiki yako miezi minane. Zile hosteli za Magufuli pale Mlimani zilipofunguliwa 2017, majengo ishirini ya kuchukua watu 3,840, zilipunguza shida kweli, lakini wanafunzi ni wengi mno kuliko vitanda na kubebana hakujaisha. Faragha haipo. Wapenzi wa chuo wanaonana nje, mbele ya watu, wananong'ona. Ndo maana ugomvi wao unajulikana na bloku zima na ndo maana wengi wakifika mwaka wa pili wanaenda kupanga geto, yaani chumba cha mtaani, Changanyikeni, Msewe, Makongo huko, na hapo zinaanza zile tunazoita ndoa za chuo, kodi nusu kwa nusu, gesi anajaza huyu, mchele analeta yule alipotoka nyumbani. Mabinti wengi nyumbani kwao hawajui. Mama akisema anakuja Dar kusalimia, geto linahamishwa ndani ya usiku mmoja.

Na mahali mapenzi yanapoanzia sio korido. Yanaanzia kwenye kimbweta. Vimbweta ni zile meza na viti vya zege vilivyotapakaa chuoni chini ya miti ambako watu wanapigia msuli mpaka alfajiri, na kikiwa karibu na soketi na taa basi kinagombaniwa. Kulikuwa na kaka mmoja wa kozi yetu, mpole, sauti hata huisikii, alikuwa anawahi jioni kabla watu hawajala, anashika kimbweta, anaweka daftari lake upande huu na lingine upande ule kumshikia dada mmoja wa grupu letu la diskasheni. Dada akija anakuta waya wa ekstensheni umeshavutwa mpaka upande wake, kaka anamwambia "chaji kwanza wewe", basi, hamna neno lingine, wanasoma. Semista nzima hivyo hivyo. Mbu wanatuuma, mtu anabishana kuhusu asaimenti, na yule kaka chaji yake inaisha anabaki anasoma kwenye simu na hasemi kitu. Siku alipompa desa zake zote, yaani notsi, zile alizotolea kopi stesheneri pamoja na maswali ya UE, mitihani ya mwisho wa semista, za miaka ya nyuma ambazo watu wanaficha kama dhahabu, hapo sisi wengine tukaangaliana tukasema huyu kazama. Darasa zima tulijua kabla ya yeye dada kujua.

Ndo maana nasema kusoma nako kumepotea humo kwenye hadithi. Watu wako chuo sehemu sitini na hawajaingia lekcha hata moja, UE inatokea pale tu binti anapozimia ili mkaka ambebe mikononi. Lakini chuo chenyewe kinaendeshwa na hofu ya UE. Kosiweki, yaani testi na asaimenti za semista, alama arobaini, UE sitini, ukifeli una sapu, mtihani wa marudio, sapu zikikataa unabeba kozi ukairudie, na ukizidiwa unadisko, yaani unarudishwa nyumbani, kijiji kizima kilikuchangia nauli na sasa umerudi na begi. Mapenzi yanavunjika kwa hilo. Wawili wanaopendana, matokeo yametoka, mmoja ana GPA ya 4.1 na mwenzake kadisko, wanaongea nini siku hiyo? Nilishaona watu wa namna hiyo, walikaa kwenye ngazi za hosteli tangu mchana mpaka giza, na kesho yake kaka akapanda basi. Mwandishi akiniandikia ile jioni tu, sehemu moja tu, mi nalipia.

Mandhari nayo ni majina matupu. Utasoma Mlimani City, utasoma Nkrumah Hall, lile jengo lililokuwa nyuma ya noti ya mia tano kabla sarafu haijaja 2014, ukiyafuta hayo majina stori inaweza kuwa popote duniani. Nadhani hapo ndo inaonekana imetoka wapi. Kuna tamthilia za Kikorea na za Kifilipino humo ndani, na kuna hizi riwaya za Kimarekani ambazo kapteni wa timu ndo mfalme wa chuo. Kule ina msingi, wenzetu michezo ya vyuo inaonyeshwa kwenye TV za taifa zima, mchezaji anasoma kwa ufadhili wa kucheza na watu wanamshangilia uwanja mzima, kwahiyo ni kweli akipita korido watu wanageuka. Kwetu nani anamjua kapteni wa timu ya basketi ya chuo? Kwetu anayejulikana ni CR, kiongozi wa darasa, anayefuatilia matokeo, mgombea wa urais wa serikali ya wanafunzi, na yule anayeelewa hesabu za takwimu kiasi kwamba usiku wa kuamkia testi kimbweta chake kina watu ishirini. Hao ndo mastaa wetu, waandikwe hao.

Kuna aina moja lakini inanitia hasira kabisa, ile ya mhadhiri. Dokta kijana, mkali, anamuonea binti darasani, anamwita ofisini kumfokea, kumbe anampenda, na mwisho wanaoana. Hapana. Mtu aliyeshika kosiweki yako na UE yako akikuita ofisini saa kumi na mbili jioni watu wameshaondoka, hapo hakuna mapenzi, kwa sababu huna uhuru wa kukataa, na sheria ya rushwa ya 2007 kifungu cha 25 inaitaja rushwa ya ngono kabisa kuwa ni kosa. Rafiki yangu aliyesoma chuo cha mkoa mwingine alikuwa kila akiitwa na mhadhiri wake anamwomba rumeti wake amsindikize, rumeti anakaa kwenye benchi nje ya mlango anakohoa kohoa ili ijulikane kuna mtu. Mwaka mzima waliishi hivyo, na lile somo alipata sapu wakati masomo mengine yote alikuwa vizuri. Yule rumeti wa kwenye benchi kwangu mimi ndo shujaa. Waandishi wanaoandika ule upande mwingine wajue wasomaji wao wengi ni mabinti wa fomu siksi wanaosubiri kuanza chuo, wanaenda kule wakiwa wameshafundishwa kwamba ukali wa dokta ni dalili ya kupendwa.

Na mimba. Kwenye hadithi akipata mimba mkaka anakimbia, binti anaacha chuo, miaka mitano baadaye anarudi ni bosi wa kampuni na mtoto kafanana na baba yake. Mimi nilichokiona ni binti mwenye mimba ya miezi minane anaingia chumba cha mtihani, rumeti zake wamembebea begi na maji, wamemshikia siti ya karibu na mlango, baba wa mtoto yuko nje kashika mwavuli maana naye ni mwaka wa pili hana kitu kingine cha kutoa. Wengine wanaomba kuahirisha mwaka wanarudi, mtoto analelewa na bibi, na binti anagradueti na wenzake wa mwaka wa nyuma. Hawakuwa mabosi. Mmoja ni mwalimu, ana watoto watatu na yule yule wa mwavuli.

Siwalaumu waandishi kwa yote. Ukiuza sehemu kwa sehemu lazima kila sehemu iishie pabaya ili mtu alipie inayofuata, na kijana wa Range Rover ni rahisi kumwishia pabaya. Na kuna vitu wanavipatia vizuri mno, wivu wa rumeti, maneno ya kwenye magrupu, ule ulevi wa mwaka wa kwanza wa kukaa mbali na nyumbani kwa mara ya kwanza ambapo mtu akikuita jina lako kwa upole tu unaona ndo huyu. Hapo wananipata kila siku.

Ila wote wanaishia mahafali, joho, pete, mwisho. Wakati UE ya mwisho ya mwaka wa tatu ikiisha hosteli unapewa siku chache tu utoke, huyu anarudi Sumbawanga, yule Tanga, mnabaki na bando, mnatumiana skrini za Ajira Portal, ule mtandao wa kuombea kazi serikalini, mwaka unapita. Wapo wanaovuka hapo. Wanapata kazi, mmoja wilaya hii mwingine mkoa ule, wanaomba uhamisho, wanaoana, na mwezi wa kwanza wa mshahara bodi inakata asilimia 15 kwa baba na asilimia 15 kwa mama, ile hela ya chips kuku na ya hotipoti inarudi yote kidogo kidogo kwa miaka. Watu wawili wamekaa na slipu mbili za mshahara mezani wanapanga kodi na ada ya chekechea, na wanaanza kukumbushana bumu lile walilitumiaje. Hadithi ya hao wawili sijaiona popote, na ikiandikwa nailipia sehemu zote kwa mkupuo.