Suti ya kazini: koti la Karume, pesa kwa fundi

Kazi niliyopata ilidai suti, na maduka ya Kariakoo yakanitajia laki mbili kwa suti mpya ya poliesta. Ilinikaa vizuri tu, lakini kwa joto la Dar na daladala za asubuhi, kitambaa kile kingenipika. Nikaamua kwenda mtumbani Karume na laki moja, gharama zote humo humo. Fungu la fundi nililitenga kabla sijamwona muuzaji yeyote.

Tatizo la mtumbani ni kwamba koti na suruali hutengana njiani. Ndiyo maana ofisini utaona mtu kavaa koti jeusi na suruali nyeusi ambazo weusi wake haufanani. Mimi nilitaka pacha, nikawaachia wauzaji wawili namba yangu ya simu wanipigie belo likifunguliwa.

Kwenye koti nilianza na bega. Mshono uishie pale mfupa wa bega unapoishia, basi. Kiuno kinabanwa, mikono inafupishwa, lakini kurekebisha bega ni kufumua mkono mzima na pedi zake, na gharama inaweza kupita bei ya koti lenyewe. Muuzaji atakwambia "Bosi, hapo umetoka!" hata likikuning'inia. Halafu namba zisikuchanganye: 50 ya Italia au Ujerumani ndiyo 40 ya Uingereza.

Kitambaa nilitaka sufu. Sufu nyepesi inapumua na haikunjamani ovyo. Lebo ikiwa haijakatwa, soma asilimia ya sufu au tafuta Woolmark, alama ya kuthibitisha sufu. Yangu ilikuwa imekatwa, nikachomoa uzi mmoja ndani ya pindo la suruali na kuuwasha kiberiti, muuzaji akinitazama kama mganga. Sufu hunuka nywele iliyoungua na majivu yake husagika vidoleni. Poliesta huyeyuka ikaganda kuwa punje ngumu. Pia nilipapasa kifua cha koti kutafuta malengelenge. Makoti mengi ya siku hizi yameshikizwa ndani kwa gundi, na gundi ikishaachia hakuna pasi itakayoirudisha.

Koti na suruali elfu 45. Fundi wangu wa Ilala, mzee wa makamo, alichukua elfu 30 akafupisha mikono, akabana kiuno na kupandisha pindo.

"Shikamoo fundi. Kiuno naomba kibane kabisa."

"Marahaba. Kikibana kabisa mwanangu, utakaaje kwenye daladala? Na kitambaa cha ziada ndani sikikati, utanenepa."

Wazo lililookoa suti lilikuwa lake pia: alishonea kitambaa chepesi ndani ya msamba wa suruali. Suruali hufa mapema kuliko koti, na hufia hapo hapo mapajani. Draiklina akala elfu 10 kutoa harufu ya mtumba, zilizobaki nikanunua hanga pana la mbao na brashi.

Tangu hapo draiklina ananiona kwa nadra, maana dawa zake nazo huchosha kitambaa. Jioni naipiga brashi, naitundika kivulini penye upepo, na siku ya pili naipumzisha, navaa suruali nyingine na shati. Doa nalifuta kwa kitambaa chenye maji palepale. Pasi haigusi sufu moja kwa moja. Naweka kitambaa kibichi juu yake, la sivyo inaanza kung'aa magotini na makalioni.

Masika ndiyo vita kubwa. Ule mfuko wa nailoni wa draiklina nautupa siku hiyo hiyo, kwa sababu unafungia unyevu na ukungu unaota kwenye kola. Nondo nao: wenzangu huweka karafuu kabatini, inanukia vizuri, lakini mimi naamini zaidi usafi. Viwavi wao hupenda sufu yenye jasho na matone ya mchuzi, kwa hiyo suti ikienda likizo, inakwenda ikiwa safi.