San Andreas ya 2005 kwenye Windows 11

Siku hizi usiku wangu unaishia kwenye GTA San Andreas, ile ya kompyuta iliyotoka Juni 2005, nataka niingize daladala yenye mistari na maandishi ya kwetu ipite mitaa ya Los Santos, mji wa kwenye gemu hiyo, na nikiwaambia washkaji wanadhani ni kupakua modi, yaani faili za mashabiki za kubadilisha gemu, na kuitupia kwenye folda basi, kumbe kazi kubwa iko kabla ya modi yenyewe.

Kwanza toleo. Modi nyingi zimeandikwa kwa 1.0, ile ambayo gta_sa.exe yake, faili la kuwashia gemu, ina baiti 14,383,616, matoleo ya baadaye yalipanguliwa ndani kwahiyo modi ikienda kutafuta kitu pale kilipokuwa haikikuti na gemu inazima. Halafu usiiweke Program Files, Windows inalinda sana ile folda, mimi nimeipa folda yake nje kabisa na nimekopi nzima pembeni kabla sijagusa kitu. Baada ya hapo SilentPatch ya kurekebisha makosa ya gemu, ASI Loader ya kupakia modi za faili za .asi, CLEO kwa ajili ya skripti, na Mod Loader ambayo naipenda kuliko zote maana zamani ilibidi ufungue gta3.img lenyewe, faili kubwa lenye magari na vitu vya gemu, ubadilishe vitu humo ndani, ukiharibu umeharibu, sasa unaweka gari kwenye folda yake na ukilichoka unalifuta, faili la asili halijaguswa.

Ila kilichonikamata kweli ni stori ya Skimmer, ile ndege ya majini. Watu walipohamia Windows 11 toleo la 24H2 ikapotea kwenye gemu, na ukiilazimisha itokee kwa skripti CJ, mhusika mkuu, anarushwa juu angani huko hata ramani huioni. Yule jamaa wa SilentPatch, anajiita Silent, akachimba mpaka akafika kwenye mstari mmoja tu wa vehicles.ide, faili linaloorodhesha magari na vyombo vya gemu. Kwenye Vice City, GTA iliyotangulia, Skimmer iliandikwa kama boti, na boti haina magurudumu, San Andreas wakaifanya ndege lakini namba za ukubwa wa magurudumu hawakuziongeza. Gemu ikizikosa inachukua chochote kilichobaki kwenye memori, na kilichobaki kilikuwa namba za gari la mstari wa juu yake, zikawa zinafaa. Karibu miaka 20 ndege imeruka kwa namba za jirani! Windows mpya ikaanza kuitumia ile sehemu ya memori kivingine, bahati ikaisha. Mtu kukaa na gemu ya zamani hivi mpaka ajue chanzo, bila kuitupia lawama Windows na kuondoka, mimi namheshimu sana.

Kitu kingine, frame limiter, ile ya kuzuia idadi ya fremu kwa sekunde, iache on. Inavutia kuizima kwa sababu mashine za sasa zina nguvu, lakini gemu hii hesabu zake nyingi zinafuata fremu, ukizima utaona CJ anaogelea kwa shida na magari hayaeleweki.

Leo nimeandika mstari wa daladala kwenye vehicles.ide, namba zote mbili za magurudumu zipo, mbele 0.7 nyuma 0.7, bado handling tu, yaani namba za jinsi gari linavyoendeshwa, maana kwa sasa ikikata kona inalala kama pikipiki.