Malaria iliyojificha

Jumapili nilipanda Kibosho kumwona mama. Sijamaliza hata shikamoo, akaniambia ametoka kuugua malaria.

"Ulipima?"

"Nilipima, haikuonekana. Imejificha. Wakanipa dawa mseto."

Nikanyamaza, nikaendelea kumenya ndizi za mtori. Mama ni mwalimu mstaafu, kubishana naye kunataka maandalizi.

Ila hiyo ya kujificha ndiyo iliyonipeleka maabara, na sasa ni mwaka wa kumi na moja natafuta virusi hapa Moshi. Kati ya 2007 na 2008 watafiti walifuatilia wagonjwa 870 waliolazwa na homa mjini hapa. Madaktari walidhani 528 wana malaria. Waliokuwa nayo kweli ni 14. Kumi na nne! Waliobaki walikuwa na mengine, ikiwemo chikungunya, homa ya virusi inayoenezwa na mbu.

Jina hilo nalipenda kuliko yote ya fani yetu. Ni la Kimakonde, la mtu aliyekunjamana kwa maumivu ya viungo. Homa ilipozuka huko Newala 1952, wenyeji walishaipa jina kabla wataalamu hawajaandika chochote kuihusu. Leo daktari wa Brazili anatamka neno la Newala, sijui kama anajua.

Nisichokizoea ni kuchelewa. Leo asubuhi nimefungua friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri, ukungu ukanipanda usoni, nikatoa kiboksi cha mirija ya damu za wagonjwa. Kila mrija una namba tu, na mwenye namba ameshapona na kurudi shambani, au ameshazikwa. Hata nikiwahi, daktari wa wodini ananiuliza, "Sawa, ni chikungunya. Nimpe nini?" Panadoli, maji, apumzike. Anacheka, nami nacheka, lakini si cheko la raha.

Wakati wa kuaga, mama alishindwa kufunga kifungo cha sweta. Vidole, akasema, tangu ile malaria vinakaza asubuhi. Nimesoma dalili hiyo mara ngapi, na mtori wake nimeunywa bakuli mbili bila kumtazama mikono.

Virusi vyenyewe, kama ndivyo, vimeshatoka kwenye damu. Zitakuwa zimebaki kingamwili, silaha ambazo mwili huunda kupambana navyo. Nimempigia leo aje Alhamisi apimwe.

"Nitakuja," amesema, "ila unifuate na gari. Boda zinanitikisa viungo."