Manukuu ya Minnesota Clay: wiki ya sita

Juzi nusura nifute kila kitu. Manukuu yangu ya Kiswahili, yaani maandishi ya tafsiri chini ya picha, niliyapangia nakala ya filamu inayokwenda picha 25 kwa sekunde, kisha nikapata nakala safi zaidi, ya picha 24, nikayahamishia huko. Mwanzoni shwari. Kufika dakika ya 60, maneno yameitangulia midomo kwa karibu dakika mbili na nusu, mtu anajibu swali ambalo halijaulizwa. Dawa ni hesabu moja tu: muda wa kila mstari zidisha kwa 25, gawanya kwa 24. Nilikesha kwa kazi ya dakika tano.

Kwa mnaoingia leo: Minnesota Clay ni filamu ya kauboi ya Kiitaliano ya 1964, iliyoongozwa na Sergio Corbucci. Mwaka huohuo mwongozaji mwenzake, Sergio Leone, alijificha nyuma ya jina la Bob Robertson; Corbucci akaweka lake. Clay (Cameron Mitchell) anatumikia kifungo cha mauaji kwenye kambi ya kazi ngumu, na macho yake yanakufa. Anatoroka kumtafuta Fox, ambaye ushahidi wake ungemwokoa. Fox sasa ndiye sherifu.

Hapo pa ushahidi nimefuta mara nne. Kwanza niliandika Clay "alisingiziwa". Lakini anayesingizia hutunga uongo, na Fox kosa lake ni kuuficha ukweli. Nimeweka "ulininyamazia hadi nikafungwa". Ni ndefu, ila inauma inavyotakiwa. Clay mwenyewe nimemwita "mtu wa bastola". "Jambazi" lingemtia hatiani kabla hajafungua mdomo, na "mlenga shabaha" ni mtu wa mashindano.

Lililonifurahisha wiki hii ni Nancy. Huyu ni binti wa Clay, amelelewa na mtu mwingine, na hajui baba yake ni nani. Mtazamaji anajua. Nilihangaika Clay amwiteje: "binti" lilikuwa baridi, "dada" halifai kabisa kwa mzee kama yule. Kumbe jibu nalisikia kila siku dukani na kwenye daladala: "mwanangu". Mzee yeyote humwita hivyo kijana asiyemjua, kwa hiyo Nancy hawezi kushtuka, na Clay anakuwa amesema ukweli mbele ya watu wote. (Vijana wa mtaani kwetu nao huitana "mwanangu", lakini uso wa Mitchell hauruhusu kumwelewa hivyo.) Nimelitumia mara mbili tu. Nikilizidisha litachuja.

Jana nikaingia kwenye mapigano ya mwisho. Ni usiku, Clay haoni karibu chochote, anapigana kwa masikio. Mimi, kwa kujifanya mtaalamu, nilikuwa nimejaza mabano ya kueleza sauti: [hatua za miguu], [kitu kimeanguka]. Nilipoitazama nikaona nimeharibu. Yule mtu ametega sikio gizani, halafu mimi namnong'oneza mtazamaji jibu kabla hajalisikia. Nimefuta mistari 11. Kilichobaki ni picha na sauti, basi.

Jumamosi nampelekea baba aitazame. Yeye kakulia vibanda vya video, ambako mtafsiri huongea juu ya picha tangu mwanzo hadi taa zinawashwa, na hata farasi akikohoa anaelezewa. Najua ataniuliza kama faili limekata.