Mwezi wa saa moja asubuhi

Niko Jambiani, Zanzibar, tangu Ijumaa, na leo shangazi kaniamsha mapema tukafunge mbegu za mwani kwenye kamba huku tukingoja maji yatoke. Pwani ya huku jua linatokea baharini. Lilipoanza kunichoma macho nikaligeuzia mgongo, ndipo nikauona mwezi juu kidogo ya minazi, mweupe kama kipande cha nazi. Saa moja na kitu asubuhi! Nikapiga picha, simu ikanipa tone la chokaa. Nikaifuta.

Si mara ya kwanza kuuona mchana, ila sijawahi kujiuliza. Nilipokuwa skuli mwalimu mmoja alichora ubaoni jua upande huu, mwezi upande ule, kama walinzi wa zamu: huyu akiingia, mwengine anatoka. Nikaridhika miaka yote hiyo.

"Shangazi, leo mwezi ngapi, tangu uandame?"

"Kumi na saba." Hakuinua hata uso, taitai, kikamba cha kufungia mbegu, kaibana menoni. "Kesho saa hizi utaukuta juu zaidi. Ukifika ishirini na mbili uko utosini, na maji mafu, hayatoki mbali, hatuna kazi hapa."

Mwani wa biashara umeanza huku mwaka 1989 tu. Hesabu hii ya bamvua, siku maji yanapojaa na kutoka sana, kairithi kwa bibi, aliyekuwa akishuka kutafuta pweza.

Na hesabu ni hiyo hiyo. Mwezi huchelewa kuchomoza kiasi cha dakika 50 kila siku. Ukiwa mpevu unatoka jua likizama na unazama jua likitoka, kwa hiyo mchoro wa mwalimu unafaa siku hiyo moja. Baadaye unachelewa kutoka, basi na kuzama unachelewa, na jua linaukuta bado uko njiani. Leo unazama karibu saa mbili; mwezi ishirini na mbili, karibu saa sita mchana. Kabla ya kupevuka mambo hugeuka, unauona alasiri, na hakuna anayeshangaa.

Kilichonishangaza zaidi ni kwamba jiwe lenyewe la mwezi si jeupe. Linarudisha kama sehemu 12 tu kati ya 100 za mwanga wa jua, mfano wa lami iliyochakaa, na bado linaonekana ndani ya buluu ambayo nyota zote zimeshapotea.

Kulikuwa na nazi kavu iliyoletwa na maji. Nikaiinua usawa wa mwezi, jua likiwa mgongoni. Uso wote ukang'aa, ila ukingo wa chini ukabaki na kivuli chembamba. Nikautazama mwezi: umemegeka chini, pale pale.

"Nazi hiyo mbovu," shangazi akasema. "Itupe, ushike kamba."

Tulipomaliza kamba ya nne nikageuka tena. Minazi tu. Maji yalikuwa yameshaacha vigingi vya kwanza wazi, na wanawake wa upande wa pili wameshaanza kushuka.